Ng'ombe Waliomkimbia Mukankusi

Waliosema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, hawakuwahi kufika kwa Mukankusi. Plamedi alikuwa ameolewa pale Nyabiondo tangu kabla ya mvua za Septemba. Sasa maharagwe ya msimu wa pili yalikuwa yanatoa maua, na jembe lenyewe hajaliona. Kila asubuhi alijifunga kitenge, akavaa buti zake za mpira, akashuka mpaka kwenye lango la zizi. Na kila asubuhi mama mkwe wake alimsimamisha pale pale kwa tabasamu.

"Pumuzika, Madame. Weye uko na masomo ya kufundisha. Maziwa tutakuletea."

Maziwa yaliletwa kweli, yenye joto bado, povu juu, ndani ya kikombe chenye kifuniko. Mwingine angesema hiyo ni raha. Lakini nani anataka kunywa maziwa mlangoni, kama mpita njia, katika nyumba aliyoolewa? Kama angetukanwa, Plamedi angejua pa kushika. Adabu ya Mukankusi haikuwa na mpini.

Plamedi alizaliwa Pinga, huko Walikale, ambako msitu unaanzia nyuma ya jiko. Mama yake alifariki yeye akiwa bado anabebwa mgongoni, akalelewa na baba yake, Papa Albert, mkulima wa mihogo na mwindaji. Alikwenda Goma kusomea kompyuta, na huko akakutana na Shyaka, mtoto wa wafugaji wa Masisi, muuza jibini, fromage kama wanavyoiita kule, mwenye maneno laini kuliko jibini yenyewe. Alimpenda Shyaka, hilo halina ubishi. Ila kulikuwa na jambo jingine ambalo hakumwambia mtu yeyote, hata Shyaka mwenyewe: alikuwa amejiambia kwamba siku akiolewa, atapata na mama.

Akapata kikombe chenye kifuniko.

Shyaka aliona yote, na kama wanaume wengi walio katikati ya mama na mke, dawa aliyoiona ni kukimbia. "Tuhamie Shasha," alisema jioni moja. "Kule kuko ziwa, kuko barabara, fromage inauzika bila kutembeza. Muntu mumoja iko na nyumba anataka kukodesha. Safari yangu ingine, naenda kuiangalia. Kama iko muzuri, naichukua."

"Na Mama?"

"Mama iko na ng'ombe yake. Hana lazima ya batu."

Plamedi hakutaka Shasha. Alitaka lile lango la zizi lifunguliwe, aingie, aambiwe shika hiki, achia kile, usikanyage hapo. Shyaka akichukua nyumba ile, lango lingebaki limefungwa maisha yao yote, nao wangekuwa wanakuja Noeli na zawadi ya samaki.

Sasa hapa ndipo kompyuta inapoingia.

Rafiki yake wa masomo, Hubert, alikuwa amempa ufunguo wa USB, yaani flashi, wenye programu ya kutengenezea michezo ya kompyuta. Haikuwa ya kuiba. Ilikuwa programu huria: haina bwana, haiuzwi, na mtu yeyote ana ruhusa ya kuifungua na kutazama matumbo yake, akitaka ayapange upya. "Iko wazi," Hubert alisema, "sawa vile chikwangue ya muhogo yenye imetoshwa majani. Kazi yako ni kukula." Plamedi, aliyekuwa akifundisha hesabu kwenye shule ya sekondari ya pale, aliihifadhi mwaka mzima bila kuigusa. Aliigusa sasa kwa sababu mchana ulikuwa mrefu, paneli ya jua juu ya bati ilikuwa inampa umeme kiasi, na zizini hakuitwa.

Alipoifungua, alikutana na uwanja mtupu wa kijivu. Mafunzo yaliyokuja na programu yalimwambia aweke mraba mmoja, kisha aufundishe kutembea kwa vitufe vya mishale. Aliuweka. Akabonyeza kitufe cha kuanzisha mchezo, na mraba ukatoweka. Akajaribu tena, ukatoweka tena. Alitafuta kosa mchana kutwa, akasoma kila mstari aliouandika kama padri anayesoma misale, mpaka akagundua kwamba mraba haukupotea: ulikuwa unaanguka. Programu ilijua uzito wa vitu, na yeye hakuwa ameweka ardhi. Maskini mraba ulikuwa bado unaanguka huko chini, gizani, tangu saa nane.

Akaweka ardhi. Mraba ukatua. Plamedi alipiga makofi peke yake chumbani, na kule nje Mukankusi akageuza kichwa, akaendelea na kazi zake.

Baada ya hapo mambo yalinoga. Mafunzo yalitaka apakue picha kutoka mtandaoni, lakini mtandao wa Nyabiondo uko juu kilimani kwenye mnara, tena siku ukipenda. Kwa hiyo alichora mwenyewe. Alichora msitu wa kwao. Alichora wavu wa kuwindia, alichora baba yake na mbwa wake. Katika mafunzo kulikuwa na mfano wa mnyama anayemkimbia mchezaji, na alipouona alicheka kwa furaha, maana ndivyo alivyowajua wanyama tangu utoto: kule Pinga mnyama asiyekukimbia ama ni mgonjwa ama ameshakufa. Mwindaji anasogea, swala anakimbia. Ukimsogelea kwa akili, unamwelekeza mpaka kwenye wavu.

Shyaka aliucheza mchezo ule, akanasa swala wawili, akapiga kelele kama mpira umeingia golini. Kisha akasema neno lake. "Mbona haumutengenezee Mama muchezo yake? Ya ng'ombe?"

Alisema kwa nia njema. Balaa nyingi za ukoo zimeanza kwa nia njema.

Plamedi aliifanya kazi ile kwa moyo wote. Swala wakawa ng'ombe, wavu ukawa zizi, miti ikawa majani mafupi ya vilima vya Masisi. Mwindaji akawa mchungaji mwenye fimbo. Gaju, yule ng'ombe mwekundu wa Mukankusi mwenye alama nyeupe usoni, alimchora mara tatu mpaka pembe zake zikakaa sawasawa. Alikuwa amemtazama vya kutosha akiwa nje ya uzio. Ubongo wa wanyama hakuugusa. Ulikuwa unafanya kazi vizuri, augusie nini?

Jumapili, baada ya misa na baada ya chakula, aliiweka kompyuta mezani mbele ya mama mkwe wake.

"Ni yako, Mama. Nimekutengenezea."

Mukankusi alikaribia polepole, akifuta vidole kwenye kitenge. Alipoona kioo, akainama. "Eh! Gaju!" Akacheka kwa sauti ya kisichana ambayo Plamedi hakuwa amewahi kuisikia. "Shyaka, angalia, ni Gaju! Ata ile alama ku uso! Na iyi ni Bihogo. Madame, weye ulimuona wapi vile?"

"Ku uzio, Mama. Sasa finya apa, muchungaji anatembea."

Mukankusi akabonyeza. Mchungaji akapiga hatua kumwelekea Gaju. Gaju akageuka, akakimbia.

Mukankusi akaondoa kidole. Akafikiri labda amekosea, akabonyeza tena, taratibu zaidi. Mchungaji akamfuata Bihogo, na Bihogo akakimbia. Akajaribu upande wa chini, wote wakakimbia kwa pamoja, wakajibana kwenye pembe ya kioo, wakitetemeka.

"Zinanikimbia," alisema.

"Njo vile, Mama! Unazikimbiza mpaka mu zizi, unaona..."

"Mi njo zinakimbia?"

Hakungoja jibu. Alisimama, akajifunga kitenge vizuri, akatoka nje. Wakamwona kupitia dirishani akishuka zizini, na katikati ya mchana ule, saa ambayo hakuna kazi yoyote huko, akasimama akiwa ameegemea shingo ya Gaju, yule wa nyama na mifupa.

"Nimefanya nini?" Plamedi aliuliza.

Shyaka aliifunga kompyuta. Alipoanza kusema, alikuwa anatazama meza.

"Wakati ya vita, Papa yangu, marehemu, alikimbia, akakaa mu kambi miaka. Ng'ombe zilibaki kwa batu bengine. Pale alirudia, zilikuwa zimebaki kidogo tu. Akaingia mu zizi. Zote zikamukimbia. Ata Gaju wa ile wakati, mwenye huyu wa leo amerizi jina yake. Papa alimuzalisha na mikono yake, na akamukimbia sawa vile anaona chui." Akasugua meza kwa kidole. "Papa alikaa chini mu matope, akalia. Mama alikuwa anaangalia."

Plamedi akafunika mdomo kwa mikono yote miwili.

"Haukujua," Shyaka akasema.

"Na ng'ombe? Zilimurudilia?"

"Zilimurudilia. Asubui yote alikuwa anasimama ku mulango ya zizi. Siku moja zikarudi."

"Alifanya namna gani?"

"Sijue. Mi nilikuwa mutoto, nilikuwa nacheza mupira. Uliza Mama."

Uliza Mama! Siku hiyo hiyo Mama alikuwa amehama kutoka tabasamu kwenda kimya. Asubuhi ya Jumatatu kikombe kililetwa, kikawekwa mlangoni, bila "pumuzika," bila "Madame," bila neno. Na Shyaka, akiwa anafunga jibini zake nyuma ya pikipiki, alimwambia mke wake kwa sauti ya chini kwamba nyumba ya Shasha ataichukua. Ni afadhali kwa kila mtu. Akaondoka. Plamedi akabaki na kosa alilolichora kwa mkono wake mwenyewe, lakini ng'ombe hashindwi na nunduye. Akajiambia kwamba ametengeneza mchezo wa kumuumiza mama wa watu, basi atautengeneza tena mpaka upone.

Asubuhi iliyofuata alishuka bila buti. Hakwenda kwenye lango. Alisimama mbali, kwenye uzio, akatazama.

Miezi yote ile alikuwa ametazama ng'ombe. Hakuwahi kumtazama Mukankusi. Sasa aliona. Mama mkwe wake alifungua lango, akasimama. Hakuingia, hakuinua fimbo, wala hakupiga mluzi. Alisimama tu, mikono imelegea ubavuni, kisha akaita jina moja kwa sauti ndefu ya chini, kama mtu anayemwamsha mtoto bila kutaka kumshtua. "Gaaaju." Ng'ombe mmoja kati ya wote akainua kichwa, akaja mpaka kifuani kwake. Wengine waliendelea kutafuna. Kisha jina jingine, na mwingine akaja. Mukankusi hakusogeza mguu hata mara moja.

Plamedi alikaribia kucheka kwa aibu. Mchezo wake wote ulikuwa wa kutembea!

Mchana alifungua matumbo ya programu na kutafuta mahali ubongo wa wanyama unapokaa. Haukuwa mkubwa. Kila mnyama aliangalia mchungaji yuko upande gani, halafu, kwa sababu ya alama moja ndogo ya kutoa, akaenda upande wa pili. Woga wote wa swala, wa ng'ombe, uchungu wote wa Jumapili ile, ulikuwa umekaa kwenye kistari kimoja kifupi. Akakifuta.

Akaanzisha mchezo. Ng'ombe wakageuka, wakamtazama mchungaji, wakamjia. Plamedi akashika shavu kwa furaha. Wakaendelea kuja. Wakaja wote kwa mpigo, wakampanda, wakamfunika, fimbo ikatokeza kidogo katikati ya pembe, nayo ikazama. Halafu mchezo wenyewe ukagoma kwa maandishi mekundu. Alicheka mpaka akalala kitandani. Lakini kicheko kilipoisha alijua kinachokosekana. Ng'ombe hawaitwi jumla. Kila mmoja alihitaji jina lake, na yeye alijua mawili tu.

Kuuliza si ujinga, lakini kuna maswali yanayohitaji goti. Alishuka mpaka kwenye uzio, jioni ya kukamua, akapiga goti kwenye majani mabichi.

"Mama, niko na ombi."

Mukankusi hakugeuka. "Sema."

"Majina ya ng'ombe. Naomba zote."

"Za nini? Za kuzikimbiza muzuri?"

"Apana, Mama. Za kuziita." Akashika uzio. "Nilikosa. Kwetu munyama ni wa kukimbiza. Mi sikujua ile namna ingine. Sikukuonyesha juu ya kukuumiza. Nakupenda, Mama. Nilitaka tu unipende na mi."

Maziwa yaliendelea kulia ndani ya ndoo, chwii, chwii. Kisha yakanyamaza.

"Kwenu banakimbiza na nini?" Mukankusi akauliza.

"Na imbwa. Na wavu. Imbwa zetu hazibweki sana, tunazifunga kengele ya muti ku shingo, ndio tujue zinapita wapi mu pori."

Mukankusi akageuka mzima mzima juu ya kigoda chake. "Imbwa inavaa kengele?"

"Inavaa."

"Yesu!" Akaanza kucheka, akajaribu kujizuia, akashindwa. "Imbwa na kengele, sawa vile kanisa! Inuka, Madame, utaloweka nguo."

Akamwambia majina. Hakuyataja tu, alimwambia na watu wake, kwa sababu katika nyumba ile aliyempa ndama jina ndiye anayemwita mpaka mwisho. Gaju ni wa Mukankusi. Gitare, yule mweupe, ni wa Muhawenimana, dada yake Shyaka, aliyeolewa mbali. Sine, aliyekuwa na mimba kubwa, alipewa jina na Shyaka. "Lakini ye hamuite tena. Siku hizi anaita tu fromage."

"Na Bihogo?"

"Bihogo ni wa muzee." Mzee alikuwa Makuza, marehemu mume wake. "Alimupatia jina mwaka yake ya mwisho."

"Sasa nani anamuita?"

"Ni mi." Mukankusi akamtazama Bihogo, mweusi-mwekundu, amesimama peke yake karibu na uzio wa juu. "Anakuya. Lakini hakuye mara moja. Anangoja kwanza. Anaangalia nyuma yangu, sawa vile anatafuta kama kuko muntu mwingine mwenye ataita. Kisha anakuya."

Akasema hivyo kawaida kabisa, akarudi kukamua. Plamedi alimwomba ruhusa arekodi sauti yake kwa simu, na Mukankusi akaita majina yote tena, akiwa anakamua, bila kujisumbua kujua ni ya nini.

Kazi ile ilimchukua Plamedi mchana baada ya mchana, na mawingu yakimlia umeme. Alitoa vitufe vya mishale kabisa. Mchungaji wake sasa alikuwa anasimama langoni, basi. Kila ng'ombe alipewa kitufe chake. Ukikibonyeza, sauti ya Mukankusi inaita, na ng'ombe yule tu ndiye anayekuja. Alipanda kilimani kumtumia Hubert ujumbe wa sauti kumuuliza namna ya kumfanya mnyama asubiri kidogo kabla ya kutembea. Hubert alijibu kwa kucheka: "Weye muntu, batu bote banataka muchezo ya haraka. Weye unataka ng'ombe ya kuchelewa?" Lakini akamweleza. Mistari miwili tu.

Safari hii hakusubiri Jumapili. Alibeba kompyuta mpaka jikoni, akaiweka juu ya gunia la mahindi, na Mukankusi akaitazama kama mtu anayetazama mbwa aliyewahi kumng'ata.

"Hazikimbie tena, Mama. Nimeapa."

"Nafinya wapi?"

"Apa ni Gaju."

Akabonyeza. Sauti yake mwenyewe ikatoka kwenye kompyuta, "Gaaaju," naye akaruka kidogo. Gaju akainua kichwa, akaja mpaka langoni, akasimama mbele ya mchungaji. Mukankusi akabonyeza Gitare. Gitare akaja. Sine akaja, tumbo lake kubwa, maana Plamedi alikuwa amemwongezea tumbo. Mukankusi akasema "hm," akasema tena "hm," na kwenye pembe za macho yake mikunjo ikaanza kukusanyika.

Kisha akambonyeza Bihogo.

Sauti ikaita. Bihogo akainua kichwa. Hakuja. Alisimama pale kwenye uzio wa juu, akatazama, na Mukankusi akavuta pumzi, kidole bado hewani. Bihogo akatazama tena kidogo, halafu akapiga hatua, nyingine, akashuka taratibu mpaka langoni.

Machozi yalimshuka Mukankusi, akayaacha, na alikuwa anatabasamu. Si lile tabasamu la kila asubuhi.

"Ulisikia," akasema hatimaye. "Nilikuambia mara moja tu, na ulisikia." Akamwita Bihogo tena, akamngoja tena. Alimwita mara nyingi jioni ile mpaka betri ikaisha, na wakala mahindi baridi.

Walipokuwa wanaosha sahani alisema, bila kumtazama, "Kesho kuya mapema. Na buti."

Msidhani ng'ombe walikuwa wamecheza mchezo ule. Asubuhi Plamedi alisimama langoni, akaita kila jina kwa sauti tamu kabisa, na hakuna aliyeinua hata sikio. Akataka kusogea, na mkono wa Mukankusi ukamshika kiunoni kwa nyuma. "Usitembee. Ata mvua inyeshe." Na mvua ikanyesha kweli. Walisimama wote wawili, mmoja nyuma ya mwingine, wakilowa, na Mukankusi akawa anamweleza sikioni habari za Makuza: alivyokuwa anasimama papo hapo kila alfajiri, anaita, haji hata mmoja, anarudi kunywa chai, kesho anasimama tena, mpaka Gaju wa zamani alipochoka kukumbuka woga. Siku ya pili Gitare alimnusa Plamedi mkono. Siku iliyofuata Plamedi alipewa ndoo, akakamua matone, akapigwa mkia wa uso, akaambiwa anakamua kama anayefungua fundo. Alikuwa na furaha ambayo hakujua pa kuiweka.

Sine alizaa siku ya Jumamosi asubuhi, juma la pili tangu Shyaka aondoke, ndama jike wa rangi ya udongo. Alitoka vibaya kidogo, miguu ya nyuma kwanza, na Mukankusi alimfanya Plamedi avute naye, magoti yote mawili kwenye matope. Ndama alipopiga chafya, Mukankusi akakaa chini akihema.

"Sine ni ya Shyaka, lakini Shyaka haiko," akasema. "Mupatie jina."

"Mi?"

"Kuko Madame mwingine apa?"

Plamedi alimtazama ndama akijaribu miguu yake mirefu. "Lowa," akasema. "Ni mto. Unapita kwetu Walikale, lakini maji yake inatokea uku ku milima yenu."

"Lowa," Mukankusi akalijaribu jina mdomoni. "Looowa. Inaitika muzuri."

Pikipiki ikaunguruma juu ya njia, ikazimwa. Shyaka alishuka akiwa na vumbi mpaka kwenye kope, furaha yake imejaa mfukoni. Aliwakuta wote wawili chini, mikono imejaa damu mpaka kwenye viwiko, na hakujua nani ndiye amwulize. Akachagua kutoa ufunguo na kuuinua juu.

"Nimepata nyumba ya Shasha! Iko na chumba mbili, na veranda. Tunaweza kuamia juma yenye inakuya."

Mukankusi alichuma majani, akaendelea kumsugua ndama mgongoni.

"Ni muzuri," akasema. "Utalala kule ukienda na fromage. Utatuletea samaki."

"Na Plamedi?"

"Plamedi anaenda wapi?" Hakuinua hata kichwa. "Lowa akikomaa, nani atamuita?"

Plamedi alitaka kusema kitu, akalia badala yake, kwa sauti, kama mtoto, na Mukankusi akamvuta kwa mkono ule ule uliojaa matope na kukiweka kichwa chake begani. Shyaka alibaki amesimama na ufunguo hewani, akiwatazama, mpaka mama yake alipomwambia aache kusimama kama mnara wa simu, ashike kamba ya Sine.